Baba mkwe alikuja kukagua chumba chetu cha Kisii mjini, akakataa kuingia

Wakuu wa humu, salamu kwenu nyote, hata nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kucomment.

Juzi kijana mmoja alileta uzi hapa akiuliza atajuaje kama mtaa fulani unafaa kuhamia na mke na watoto wawili. Alijibiwa vizuri. Angalia maji. Angalia shule. Angalia security na nauli ya kwenda kazini. Mmoja akamwambia aangalie kama gari la zimamoto linaweza kupita, huyo alinichekesha sana kwa sababu mimi nimelea watoto mahali ambapo hata mkokoteni ulipita kwa maombi.

Nilisoma majibu yote, na miwani yangu hii. Hakuna aliyetaja kile kitu kilichoamua maisha yangu mimi. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mama mzee, nimezaa sita na wajukuu nimeacha kuhesabu. Haya yalinitokea mimi, na mume wangu bado yuko hai, amekaa hapa sebuleni, nikiongeza chumvi atanikosoa. Majina ya majirani nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Haya twende, na mnivumilie kwenye typing.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilizaliwa upande wa Nyamira, nikaolewa mbali kidogo, huko Nyacheki, kwenye vilima vya chai.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa chai kabla majirani zake hawajaijua. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho, akarudi nyumbani na vitu viwili: ujuzi wa kuchuma majani na Kiswahili cha kambini. Vyote viwili alijivunia. Alikuwa mkali, mwenye maneno machache, na Msabato asiyechezewa. Mimi nilimwita tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

Kabla hatujamaliza mwaka kwenye ndoa, mume wangu alipata kazi ya ukarani Kisii mjini. Akapanga chumba na makarani wenzake wawili. Mimi nikabaki Nyacheki na wazazi wake.

Msishangae, ndivyo watu walivyoishi. Mwanamume mjini, mwanamke kwenye chai. Alikuja mwisho wa mwezi, Ijumaa jioni. Sabato tuko kanisani mchana kutwa. Jumapili baada ya chakula anafunga mkoba wake, anaondoka.

Miaka mitano tuliishi hivyo, wakuu.

Sasa mwezi mmoja alikuja kama kawaida. Binti yetu Nyaboke, alikuwa na miaka minne hivi, alimwona akipanda kwenye njia ya migombani, akanikimbilia jikoni akaniambia kuna mgeni amekuja.

Baba yake alisikia.

Alikaa nje akavua viatu akavitazama. Mimi niliona aibu hata sijui ilikuwa ya nini, maana sikuwa nimemkosea mtu. Jumapili ile alichelewa kufunga mkoba, nami nikaona nafasi ndiyo hii. Nilikuwa na mimba ya tatu. Nikamwambia, tafuta chumba cha familia, la sivyo na huyu wa tumboni atakuita mgeni.

Kumwambia mume ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa tata.

Mume wangu alizungumza naye wakiwa wamesimama kwenye chai, kila mtu akitazama mbele yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema mjini ni mahali pa kufanya kazi, sio mahali pa kulea watu. Wakavutana hivyo safari zake mbili za mwisho wa mwezi. Mwishowe mama mkwe, ambaye alinipenda, akaingilia kati na mzee akalegea nusu.

Alisema hivi: nendeni. Mwezi wa tatu nitakuja mwenyewe kuona mnapoishi. Nikiona hapafai, nitarudi na wajukuu wangu pamoja na mama yao, na hilo neno halitarudiwa.

Tukakubali. Tungefanya nini?

Mtaa wenyewe sitautaja, waliokaa Kisii enzi hizo watajua. Ulikuwa chini ya soko, kwenye mteremko. Ploti ya vyumba vinane vinavyotazamana, uwanja mdogo katikati, bomba moja, vyoo viwili. Paa lilitoka nje ya ukuta kama kiganja kimoja tu. Mvua ikinyesha, na mnajua mvua ya Kisii ya saa nane mchana haina likizo, unatoka mlangoni unalowa hapohapo.

Chumba chetu kilikuwa kimoja. Kitanda, meza, stovu ya mafuta, masanduku mawili. Ukifungua mlango kitu cha kwanza kukusalimia ni kitanda.

Mnataka kujua kama nilipapenda? Hapana, wakuu. Nitasema ukweli. Nilikuwa nimepigania kwenda mjini kama mtu anayepigania uhuru, halafu nilipofika nikaanza kuhesabu makosa.

Kona kulikuwa na baa yenye gramafoni. Kwa bahati mbaya, Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yao kubwa, kwa hiyo Sabato yangu ilipita nikiwa nimesoma aya moja mara tano. Matope yalifika kitandani. Mboga niliyozoea kuchuma nyuma ya nyumba sasa ilikuwa ya kununua, imenyauka. Watoto walikuwa wameanza kujifunza maneno ambayo hata sikujua maana yake.

Na majirani. Hao ndio walinichosha kuliko vyote.

Nyumbani kwetu watu wanakaa mbalimbali, kila mtu na boma lake, mtu akija unamwona anapanda kilima na unapata wakati wa kufagia. Pale ploti watu waliingia kwenye mambo yako kabla hujayajua wewe mwenyewe. Mke wa fundi cherehani, Mama Atieno, alijua nimepika nini kwa harufu na alitoa maoni. Mke wa polisi aliniuliza mimba ina miezi mingapi kabla hajaniuliza jina.

Lakini mkuu wao wote alikuwa Mama Rehema.

Huyu hakuwa mpangaji. Alikuwa na nyumba yake mwenyewe mkabala na lango la ploti, nyumba ya zamani yenye baraza pana iliyoezekwa mabati, mkeka na viti vya kamba. Alikuwa Mnubi, mjane wa askari, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Alikaanga mandazi asubuhi na kushona vikapu mchana, na katika kazi hizo mbili macho yake hayakuacha lango letu.

Wiki ya pili tu nilimkuta amemshika Nyaboke mkono, anamchapa viganja. Mtoto alikuwa akichezea mtaro wa maji machafu.

Nikamwambia kwa hasira, "Huyu mtoto ana mama yake."

Akanijibu bila kuniangalia, "Basi mama yake amtazame."

Wakuu, nililia siku ile. Nilimwambia mume wangu hapa sio mahali, watu wanapiga watoto wa wengine kama mali yao. Alikuwa amechora siku kwenye kalenda mpaka mwezi wa tatu, siku ya tata.

Kwa hiyo mjue hivi: mzee alikuwa anakuja kuamua, lakini hata mimi ndani yangu sikuwa nimeamua. Kuna siku nilitamani aseme hapafai, lawama iwe yake. Halafu jioni mume wangu anarudi, Nyaboke anamkimbilia hadi langoni, anamvua kofia, na mimi najua siwezi kurudi kwenye ile miaka mitano.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu, hasa wale ambao sio wa Gusii.

Tuna kitu kinaitwa ensoni. Ni heshima, ni haya, ni mpaka kati ya mzazi na mtoto aliyeoa. Baba haingii kwenye nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haoni kitanda cha mkaza mwana, hasogei karibu nacho. Sio ugomvi wala chuki. Kule nyumbani hili halisumbui mtu, kwa sababu mzee ana mahali pake uani pa kukaa na wageni, unampelekea chakula huko, mnaheshimiana maisha yote bila yeye kuvuka mlango wako.

Wajukuu ni tofauti. Hao wanamkalia babu hadi kichwani.

Mimi na mume wangu tulilijua hili kama tunavyojua majina yetu. Lakini mji hufanya watu kuwa wajanja. Mume wangu akasema, tukigawa chumba kwa pazia, upande wa mlangoni utakuwa sebule. Sebule sio chumba cha kulala. Tata atakaa sebuleni.

Nikamwuliza, "Na kitanda?"

"Kitanda kitakuwa nyumba nyingine."

Tukaamini, wakuu. Tena tulijisifu kwa hiyo akili. Nilinunua kitambaa kizito cha maua mekundu, Mama Atieno akanishonea na kunipa maoni yake. Nikasugua sakafu mpaka ikang'aa. Tukaazima viti viwili. Nikabandika picha za magazeti ukutani. Tuliandaa ndani ya nyumba, wiki nzima, kwa ajili ya mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuingia ndani ya nyumba kama hiyo.

Akaja Alhamisi, mchana, bila kutuma habari. Mume wangu yuko kazini.

Nilimwona langoni akiwa na koti lake la Sabato na fimbo, anauliza watu. Nyaboke alimwona pia, akapiga kelele "Sokoro!", yaani babu, akamrukia, na mzee akacheka, jambo ambalo mimi na yeye hatukuwa tumewahi kufanya pamoja.

Nilimsalimu kwa mbali kama inavyopasa, macho chini. Nikamkaribisha.

Alisimama hatua tano kutoka mlangoni. Hakutazama ndani. Akauliza akiangalia paa, "Hii nyumba iko na vyumba ngapi?"

Tulikuwa tunaongea kikwetu lakini swali lile aliliuliza kwa Kiswahili, nadhani aliona ni swali la mjini.

"Ni kimoja, tata, lakini tumekigawa."

"Mmegawa na nini?"

Nikasema, "Na pazia."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepata jibu alilokuja nalo, kisha akaniambia nimpe kiti.

Nikampa Nyaboke kigoda ampelekee. Mzee akakiweka pembeni mwa mlango, chini ya ule ukingo wa paa, akakaa na kugeuza mgongo ili asione ndani hata kwa bahati mbaya. Akatulia hapo kumsubiri mwanawe atoke kazini. Uji nilimpa kwa mkono wa Nyaboke, akanywa, akarudisha kikombe.

Mimi nikarudi ndani, nikakaa nyuma ya pazia langu la maua mekundu. Nilijua yamekwisha. Tayari nilikuwa nafunga vitu kichwani: sufuria hizi, blanketi lile.

Saa nane ikafika, na mvua yake.

Kwanza matone. Nikamtuma Nyaboke amwambie sokoro asogee. Akasogea kidogo, akabana mgongo ukutani. Mvua ikaja yenyewe, ile ya kuinamisha migomba, na upepo ukaisukuma upande wetu. Ule ukingo wa paa haukufunika hata magoti yake. Kofia yake ikaanza kumwaga maji kama mfereji.

Nilisimama nyuma ya mlango nikamwambia, "Tata, ingia tafadhali, nitatoka mimi."

"Hapana, mwanangu."

Ndivyo tu. Alisema kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi.

Nikafikiria kumpeleka chumba cha jirani, lakini Mama Atieno alikuwa sokoni, mke wa polisi kafunga mlango, na vyumba vingine vyote vilikuwa vya vijana wasioonekana mchana. Na hata wangekuwapo, ningewaambia nini? Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha darasani. Nilijua kusema "kikombe kiko mezani".

Sasa jiwekeni kwenye baraza ya Mama Rehema, mkabala na lango. Unaona nini? Mzee wa watu, koti limelowa, amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa mwanawe, amegeuza mgongo kama mtu aliyefukuzwa. Mkaza mwana yuko ndani, pakavu.

Nilisikia sauti yake kabla sijamwona. Alivuka uwanja akiwa amejifunika gunia kichwani, akaja hadi mlangoni kwangu.

"Wewe binti, huna haya? Baba ya mume wako analoa hapa na wewe umekaa ndani?"

Haya! Haya ndiyo iliyokuwa imemkalisha nje.

Nilijaribu kueleza. Wakuu, sijawahi kutafuta maneno kama nilivyotafuta siku ile. Nikamwambia, mama, sio mimi. Nimemkaribisha. Yeye hawezi kuingia. Hii ni nyumba ya mtoto wake na kitanda yangu iko hapo. Kwetu ni vibaya. Kisha machozi yakanishinda nikasema lile lililokuwa moyoni kabisa: sasa ataturudisha nyumbani, na watoto hawatamjua baba yao.

Mama Rehema akanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza. Akatazama mgongo wa mzee, akatazama pazia langu, akatazama tumbo langu.

Halafu akamgeukia.

"Mzee. Mimi sio mke wako wala mkwe wako. Kitanda changu kiko chumba cha nyuma, na baraza yangu iko nje. Kwangu unaweza kukaa bila kuvunja kitu chenu?"

Tata aliwaza. Nawaambia aliwaza kweli, maji yakimtiririka puani, akilipima jambo lile kama mtu anayepima mpaka wa shamba. Mwishowe akauliza kwa Kiswahili chake cha Kericho, "Wewe iko na chai?"

"Iko."

Akainuka na kigoda chake mkononi.

Mimi nikabaki dirishani, nimefunua upenyo kidogo. Niliona Mama Rehema akimvua koti na kulitundika. Akampa shuka la marehemu mumewe ajifunike. Chai ikaja, mandazi yakaja. Hawakuongea sana mwanzoni. Kisha nikaona mzee ananyoosha kidole kwenye kikombe, anamweleza jambo, na Mama Rehema anabisha. Baadaye niliambiwa alikuwa amelalamikia namna alivyochemsha majani, akamweleza wazungu wa Kericho walichemshaje. Naye alimjibu kwamba mumewe aliwapikia wazungu miaka mingi jeshini na hakuna aliyelalamika.

Walibishana hivyo mpaka mvua ikakatika.

Mvua ilipokatika watoto wakatoka, maana ploti nzima ilikuwa imefungiwa. Hapa sasa sikuona mimi tu, mzee naye aliona, kwa sababu kutoka kwenye ile baraza unaona kila kitu.

Nyaboke akaenda moja kwa moja kwenye mtaro. Bila Mama Rehema kuinuka, mke wa polisi akafungua mlango akamwita kwa jina, akamkaripia, mtoto akarudi. Mdogo wake Ombati, wa miaka miwili, akateleza kwenye matope akaanguka kifudifudi. Mama Atieno ndio kwanza anatoka sokoni na kapu kichwani. Aliliweka kapu chini kwenye maji, akamwokota, akampangusa uso kwa kanga yake mwenyewe, akaendelea kuongea na mtu mwingine mtoto akiwa kiunoni kama wake.

Nilitaka kutoka nikimbie. Nikajizuia. Nikaona mzee amekiweka kikombe chini, anatazama.

Mume wangu alirudi saa kumi na nusu. Alikuta kigoda hakipo, mimi nimevimba macho, na pazia letu limening'inia kama ushahidi. Nikamwonyesha kidole ng'ambo. Aliondoka bila kuvua koti.

Yaliyosemwa huko nilipewa na mume wangu, na hadi leo akiyasimulia anacheka.

Mzee alimwacha akae kwanza. Kisha akasema, "Nilikuja kuwarudisha."

"Najua, tata."

"Ile chumba yako sio nyumba. Umeweka mke wako nyuma ya nguo."

"Ndio, tata."

"Lakini huyu mama amesema nikichukua mke wako, atanifuata mpaka Nyacheki na sauti yake." Akamtazama Mama Rehema, ambaye alikuwa akishona kikapu kama hasikii. "Na mimi sitaki vita kwangu."

Halafu akasema jambo ambalo mume wangu anasema hakulitegemea kutoka kwa baba yake. Alisema kule nyumbani wajukuu wakianguka wanainuliwa na mama yao au bibi yao, basi. Hapa ameona watoto wakiinuliwa na watu wasio na undugu nao. Hajui watu hao ni wa kabila gani wala wanasali wapi, lakini amewaona wakifanya hivyo bila kuitwa.

"Wakae," akasema.

Akatoa masharti, hangekuwa yeye bila masharti. Tutafute vyumba viwili kabla ya mtoto wa nne. Ombati akifika umri wa kutahiriwa arudi Nyacheki, ajengewe nyumba yake ya kijana, asilale chini ya paa moja na wazazi wake akiwa mtu mzima. Na pazia tulitoe, linaaibisha.

Pazia hatukulitoa, tungelala wapi? Lakini yale mengine tulitimiza yote. Mtoto wa tatu alizaliwa mwezi uliofuata. Uchungu ulinishika mume wangu akiwa kazini, na ni Mama Atieno aliyenishika mkono mpaka hospitali, huku mke wa polisi akibaki na watoto. Tulipata vyumba viwili kwenye ploti ileile, na tulikaa hapo hadi karibu mwisho wa ile miaka ya sabini.

Gramafoni haikunyamaza hata Sabato moja. Matope hayakukauka. Sitaki mtu anisome hapa adhani mtaa uligeuka peponi. Kuna siku nilimchukia Mama Rehema kabisa, alijiingiza hadi kwenye majina ya watoto wangu. Lakini sikuwahi tena kuuliza kama mahali pale panatufaa.

Tata alikuja kila baada ya miezi miwili mitatu. Anafika langoni, ananisalimu kwa mbali, anavuka kwenda baraza. Wajukuu wanamfuata huko. Mtoto akizaliwa, nilimvika vizuri nikampeleka ampokee palepale kwenye mkeka, huku Mama Rehema akimfundisha namna ya kumshika, mzee aliyelea watoto tisa. Alikuja na mikungu miwili ya ndizi kila safari, na uliokuwa mkubwa haukuwa wetu.

Miaka yote ile hakuwahi kujua ukuta wangu una rangi gani.

Alifariki msimu wa mvua ndefu. Tulimzika Nyacheki, kwenye shamba lake, juu kidogo ya chai aliyoipanda kwa mkono. Watu walikuwa wengi, wote wa kwetu, wote wanajuana. Katikati ya mazishi nikamwona Mama Rehema anapanda kilima na buibui lake, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi, kapu la mandazi limeshikwa na Mama Atieno nyuma yake. Hakuna aliyekuwa amewaita. Walikuwa wametoka mjini alfajiri.

Wazee wakamtazama. Ndugu mmoja wa marehemu akamkaribisha kwa heshima, akamwuliza yeye ni nani kwa huyu mzee.

Mama Rehema akavaa viatu vyake kwanza.

Akasema, "Mimi ndiye nyumba yake ya mjini."

Wakampisha, akapita mbele pamoja na sisi watoto.

Sasa kijana uliyeuliza, kama bado uko humu. Maji angalia, shule angalia, na hilo gari la zimamoto pia sikukatazi. Lakini usikague mtaa saa tano asubuhi kukiwa na jua na agent amekutangulia na funguo. Nenda siku ya mvua, ukae mahali, utazame mtoto wa mtu mwingine akianguka kwenye matope, uone ni nani anaweka kapu chini.

Hilo ndilo nililojifunza, na lilinigharimu alasiri moja ya machozi tu. Wengine hulijua wakiwa wamechelewa.

Nyinyi wengine mnaokaa kwenye magorofa na mageti, sio kwamba nawacheka, nauliza kweli: wazazi wako wakija na nyumbani kwako hapaingiliki kwa sababu yoyote ile, watakaa mlangoni kwa nani? Niandikieni hapo chini, hata kama ni kubisha. Nitawajibu mmojammoja, pole pole, kidole kimoja.